Usingizi wa Mjamzito ni Deni la Nani?

Ndugu msomaji, nianze na swali ambalo ukiliuliza kijiweni watu watakucheka: katika nyumba yenye baba, mama, watoto na bibi, nani ana haki ya kulala kwanza? Wengi watajibu haraka haraka kwamba usingizi hauna foleni, kila mtu analala akichoka. Si kweli. Hebu iangalie nyumba yoyote vizuri. Baba akilala, redio inapunguzwa sauti. Mtoto mchanga akilala, mlango unafungwa taratibu. Mgeni akilala, watoto wanafukuzwa wakachezee nje. Lakini mama mwenye mimba ya miezi minane akijinyoosha kidogo saa nane mchana, haipiti nusu saa utasikia mtu anauliza, "Mbona jikoni kimya? Mama yuko wapi?" Foleni ipo basi, ila haijaandikwa popote. Na aliyewekwa nyuma kabisa ni yule ambaye mwili wake unafanya kazi ya watu wawili.

Mimi si daktari wala mwanafalsafa. Nimeishia kidato cha nne, na kazi ninayoitamani duniani ni kuandika riwaya. Lakini mtu anayetaka kuandika juu ya watu lazima ajue wanapatwa na nini taa ikishazimwa. Kwetu Usangi, kwenye milima ya Upare ya Kaskazini, nimekua nikisikia maneno mawili yakitolewa kama dawa kwa kila mama anayesema halali usiku: "Ndiyo uzazi." Anayeyasema hana ubaya, aghalabu ni mtu mwenye huruma. Hata hivyo nataka tuyachunguze. Naona nusu yake ni kweli na nusu yake ni uongo, na ubaya wake ni kwamba ile nusu ya kweli ndiyo inayoificha ya uongo.

Tuanze na ya kweli. Mimba yenyewe huvuruga usingizi, na hapo hakuna mtu wa kulaumiwa. Katika miezi mitatu ya kwanza homoni iitwayo projesteroni hupanda, mama akasinzia mchana hata akiwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, halafu usiku anaamshwa na kichefuchefu na mkojo. Miezi ya katikati wengi hupata nafuu. Miezi mitatu ya mwisho ndiyo hasa shughuli. Damu mwilini imeongezeka karibu nusu ya kiasi cha kawaida, figo zinachuja kwa bidii zaidi, na mji wa mimba umekikalia kibofu. Basi mama anaamka kukojoa mara tatu, mara nne. Tumbo la chakula limesukumwa juu, kwa hiyo kila akijilaza kiungulia kinampanda hadi kooni. Saa saba usiku msuli wa ndama unakaza ghafla, anauma kanga asipige kelele. Kiuno kinauma upande huu, akigeuka kinauma upande ule. Na mtoto naye, ambaye mchana alikuwa anabembelezwa na mwendo wa mama yake, sasa ndiyo anaona ni saa ya mpira.

Wapo pia wanaosumbuliwa na miguu isiyotulia. Wanakuambia ni kama wadudu wanatembea ndani ya mifupa, na hakuna kupumzika mpaka wainuke watembee. Mara nyingi hali hiyo inaandamana na upungufu wa madini ya chuma mwilini, ule ule unaohusishwa na hamu ya kula udongo. Ndiyo maana kliniki wanatoa vidonge vya kuongeza damu, na ndiyo maana wanashauri chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri.

Haya yote, nakubali, ndiyo uzazi. Hakuna mume, mkwe wala serikali inayoweza kukihamisha kibofu.

Sasa twende Usangi. Ukitoka Mwanga kwenye barabara kuu iendayo Arusha, njia inapanda kupitia Kikweni, na kadiri unavyopanda joto la tambarare linabaki chini. Nyumba zimekaa kwenye migongo ya milima katikati ya migomba na mibuni, na juu unauona msitu wa Kindoroko umejifunika ukungu. Ni pazuri, mgeni akija anataka kupiga picha. Lakini jaribu kupafikiria saa nane usiku mwezi wa Julai, au wakati wa masika. Choo kiko nje, nyuma ya nyumba, na mara nyingi unashuka mteremko kukifikia. Njia ni udongo, na mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Mama ameamka mara ya tatu. Anamtazama mumewe: amelala fofofo, alfajiri ana safari. Anawatazama watoto: kesho wana shule. Anajiuliza, nimwamshe nani? Hamwamshi mtu. Anachukua tochi ambayo betri zake zimeanza kuwa nyekundu, anashika ukuta, anashuka.

Hapo ndipo ile nusu ya uongo inapoanza. Kukojoa mara tatu usiku ni uzazi. Kuushuka mteremko peke yako gizani ukiwa na tumbo la miezi minane si uzazi, ni mpango wa nyumba. Kiungulia ni uzazi. Kula makande saa tatu na nusu usiku, kwa sababu ulisubiri kila mtu ashibe kwanza, halafu kwenda kulala hapo hapo, ni mpango wa nyumba. Mgongo kuuma ni uzazi. Kuuma kwa sababu jana ulibeba ndoo mbili za maji na mzigo wa kuni, huku kijana wa miaka kumi na saba ameketi barazani anasikiliza mpira, huo nao ni mpango wa nyumba. Mwanamke huyu ana kukosa usingizi kwa aina mbili: kuna kukosa kwa tumbo na kuna kukosa kwa nyumba. Sisi tumezichanganya tukazipa jina moja, na jina tulilochagua ni lile lisilomdai mtu yeyote kitu.

Swali la maadili, kwa maoni yangu, linaanzia hapa. Maumivu yanayoletwa na maumbile hayana mdaiwa. Maumivu yanayoletwa na watu yana mdaiwa, hata kama watu hao ni wema na hawakukusudia. Ukiyaita ya pili kwa jina la kwanza, umefuta deni bila kulilipa. Na wahenga walishatuonya jinsi tunavyopima mizigo isiyo yetu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wala jambo hili si jipya katika nchi yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na likawasema wanaume wa vijijini kwamba nusu ya maisha yao wako likizo. Hebu piga hesabu kidogo. Siku ina saa 24. Toa 14 za kazi, zinabaki 10. Ndani ya hizo 10 kuna kula, kuoga, kumwogesha mtoto mdogo, kusali, kuzungumza na mume. Zikibaki 6 za kitandani tushukuru. Sasa katika hizo 6 ondoa safari tatu za chooni, ondoa kiungulia, ondoa msuli uliokaza. Kilichobaki hata kukiita usingizi ni heshima tu.

Na si kwamba usingizi huo ni anasa. Mwaka 2004 watafiti wawili wa California, Kathryn Lee na Caryl Gay, walichapisha matokeo baada ya kuwafuatilia wanawake 131 wa uzazi wa kwanza. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 usiku mwishoni mwa mimba walichukua muda mrefu zaidi katika uchungu, na uwezekano wao wa kufanyiwa upasuaji ulikuwa mara 4.5 ya wale waliolala saa 7 au zaidi. Utafiti mmoja haufungi kesi, na wanawake wa California si wanawake wa Usangi. Lakini mtu akisema kwamba usingizi wa mjamzito ni deko, sasa ni zamu yake kuleta ushahidi.

Sheria zetu zenyewe zinajua jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema usiku ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na inamkataza mwajiri kumfanyisha mjamzito kazi za usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au hata kabla ya hapo akileta cheti cha daktari. Isome tena hiyo, ndugu yangu. Bunge lilikaa likakubali kwamba usiku wa mwanamke mwenye mimba kubwa ni kitu cha kulindwa. Mwenye kiwanda akiuvunja amevunja sheria. Lakini mama wa Usangi mwajiri wake ni nani? Ni shamba, ni jiko, ni ng'ombe wa zizini anayelia njaa saa kumi na moja alfajiri. Hana cheti cha kumpelekea ng'ombe. Kwa hiyo kitu ambacho kwa mfanyakazi wa kiwandani ni haki, kwa mkulima kimegeuka kuwa bahati: akiolewa nyumba yenye watu waelewa, analala, akikosa, ndiyo uzazi. Mimi naona haiwezekani jambo moja likawa haki upande mmoja wa barabara na bahati upande wa pili, wakati tumbo ni lile lile.

Najua nitapingwa, na wanaopinga nimewasikia kwa masikio yangu, hasa pale stendi wakati tunasubiri gari. Niwajibu mmoja mmoja bila dharau.

Wa kwanza anasema, "Bwana naye kachoka. Kashinda anabeba matofali, leo umwamshe akashike tochi?" Hoja hii ina uzito na siwezi kuipuuza. Mwanaume aliyefanya kazi kweli kweli anahitaji kulala. Lakini angalia vizuri hoja inatupeleka wapi. Inasema uchovu wa baba una jina, una mshahara, unahesabiwa. Uchovu wa mama hauhesabiwi kwa sababu hakuna aliyeulipia. Tukiweka uchovu wote mezani, wake na wa mumewe, ndipo tuanze kugawana usiku, hapo nitakubali hata kama baba atapata sehemu kubwa. Ninachokataa ni kugawana wakati mzigo wa mmoja umefichwa chini ya meza.

Wa pili anasema, "Bibi zetu walizaa kumi na hawakulalamika." Hii inapendwa sana na wazee, na kwa heshima zote, shikamoo zao, naomba niiguse. Kwanza, bibi tunayemsikia akisema hivyo ni yule aliyepona. Aliyefia kwenye uzazi hatukai naye barazani akatusimulia. Ushahidi wetu umechujwa na kifo kabla haujatufikia. Pili, kutolalamika si kutokuumia. Mtu anayejua kwamba hakuna wa kumsikiliza huacha kusema, na ukimya wake wengine wanauita ushujaa.

Wa tatu, na huyu huwa kijana mwenzangu, anasema, "Si anafanya mazoezi tu, mtoto akizaliwa atakesha zaidi." Kwa mantiki hiyo, msafiri anayejua njiani hakuna chakula aanze kushinda njaa wiki nzima kabla ya safari. Mtu mwenye akili hufanya kinyume: anakula.

Lakini kuna sababu kubwa zaidi ya kuyaogopa maneno "ndiyo uzazi," nayo ni kwamba yanaziba masikio. Ndani ya malalamiko ya kutolala mara nyingine kuna ugonjwa umejificha, na unasubiri mtu mmoja tu aulize swali la pili. Mama anasema, "Kichwa kinaniuma, silali." Ukimwuliza la pili utasikia kwamba macho yanaona ukungu, na ukimtazama utaona uso na mikono vimevimba. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, na mbele yake kuna kifafa cha mimba, ambacho kinaua mama na mtoto. Mwingine anasema, "Najikuna usiku kucha." Kama ni viganja na nyayo, na hakuna upele, ini lake linahitaji kupimwa. Mwingine anakoroma kuliko zamani mpaka pumzi inakata kidogo halafu inarudi kwa kishindo. Mwingine halali kwa sababu mtoto aliyekuwa akicheza kila usiku ametulia mno. Mwingine hana ugonjwa wa mwili, ila wiki ya tatu sasa anakaa macho anatazama dari, moyo mzito, hamu ya kitu chochote imekwisha, na mawazo yake yanakwenda mahali ambapo hawezi kukuambia. Wote hawa watano waliingia kwa mlango mmoja: "silali." Jibu la "ndiyo uzazi" linawafungia mlango wote watano kwa pamoja. Ndiyo maana nasema suala hili si la adabu za nyumbani tu. Sikio lililozibwa linaweza kumaliza watu wawili.

Kuna wanaodhani kwamba kumdai mwanaume au mkubwa wajibu wake katika mambo ya mimba ni mawazo ya kigeni, yameletwa juzi na semina. Hao hawajasoma historia ya Upare. Miaka ya 1940 Wapare waligoma kulipa kodi ya mbiru, ambayo serikali ya kikoloni ilitaka kuikadiria kwa kupima mali ya kila mtu. Wanaume kwa maelfu waliziacha nyumba zao wakaenda kupiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, na mgogoro wenyewe ulidumu kuanzia mwaka 1944 hadi 1947. Usangi ilikuwa mojawapo ya himaya zilizokuwa katika mgogoro huo. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye mwenyewe ni mtoto wa Upare, ameandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1971. Kitu ambacho watu hawakisimulii sana ni jinsi wanawake walivyoingia. Walimtaka mkuu wa wilaya wa Kiingereza achague moja: ama amalize shauri ili waume zao warudi nyumbani, ama awape wao mimba wote.

Unaweza kucheka, na nadhani hata wao walijua kwamba ni maneno ya kuchekesha na kutisha kwa wakati mmoja. Lakini tazama falsafa iliyomo. Walikuwa wanasema: wewe uliyemwondoa mume nyumbani umechukua nafasi yake, na aliyechukua nafasi achukue na wajibu. Hawakusema "ndiyo ukoloni," wakavumilia. Waliitenganisha shida yenye mdaiwa na shida isiyo na mdaiwa, kisha wakamfuata mdaiwa mpaka mlangoni. Wajukuu wa wanawake hao leo tunawaambia wanyamaze kwa sababu ya tochi na ndoo ya maji!

Na sisi tunaotaka kuandika tuna la kujibu. Fasihi ya Kiswahili imewahi kuulinda usingizi, tena kwa ustadi. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anamfundisha jinsi ya kumtunza mume aliyelala: asimwamshe, akae karibu naye, ampepee. Sina ugomvi na mama huyo. Alikuwa mgonjwa, anamwachia mwanawe elimu ya kuishi katika dunia aliyoijua. Tena mimi naona kumpepea mtu aliyelala ni tendo zuri sana, pengine ni upendo usio na unafiki kabisa, maana unayempepea hakuoni na hatakushukuru. Swali langu ni moja tu: utenzi wa kumfundisha mwanaume kumpepea mkewe mwenye mimba uko wapi? Katika hadithi zetu mimba ni mkasa wa mwanafunzi aliyeharibikiwa, au ni furaha ya mwisho wa kitabu. Miezi tisa ya katikati tunairuka kwa sentensi moja: "Siku zikapita." Siku zilipita, lakini usiku je? Mwandishi anayeruka usiku huo amesema "ndiyo uzazi" kwa kalamu.

Sasa mtu ataniuliza, unataka tufanye nini? Mimi nadhani jibu Wapare tunalo, tena tumelichimba wenyewe ardhini. Aliyefika kwetu ameziona ndiva. Ni mabwawa madogo ya udongo na mawe, yaliyojengwa tangu enzi za mababu. Kijito kinaachwa kiijaze ndiva usiku kucha, na asubuhi inafunguliwa, maji yanashuka kwenye mifereji kwenda mashambani. Maji hayo yanakwenda kwa zamu. Leo ni wa huku, kesho ni wa kule, na mwenye kuiba zamu ya mwenzake ana kesi ya kujibu mbele ya watu. Uzuri wa ndiva ni kwamba inaelewa kitu kimoja rahisi: shamba la mchana linamwagiliwa kwa maji yaliyokusanywa usiku. Ukiitoboa usiku, usishangae mchana mfereji ukiwa mkavu. Na hakuna Mpare anayeuita wizi wa maji kuwa ni maumbile.

Basi mjamzito ni ndiva. Nguvu atakayoitumia mchana, na ile kubwa atakayoihitaji siku ya uchungu, inakusanywa usiku. Nyumba inayoamini zamu ya maji inashindwaje kuamini zamu ya usiku? Zamu hizo si kubwa. Kijana wa nyumba achote maji na kuni jioni, asingoje kuambiwa. Mama aandaliwe chakula mapema, saa kumi na mbili au saa moja, kidogo na kisicho kizito, ili akilala kiwe kimeshuka. Wekeni ndoo yenye mfuniko chumbani ili asishuke mteremko usiku, na asubuhi wa kuimwaga awe mtu mwingine. Akitaka kutoka nje, mtu aamke naye. Siku baba yuko, baba. Siku baba yuko Dar es Salaam kwenye vibarua, mtoto mkubwa au wifi. Mchana apewe saa moja ya kulala, na katika saa hiyo jikoni paulizwe kitu kwa mtu mwingine. Sisi tunaolima kahawa tukumbuke pia kwamba kafeini, iliyomo hata kwenye chai, inafukuza usingizi. Ya jioni iachwe, na ya mchana ipunguzwe.

Kwenye kulala kwenyewe, wataalamu wanashauri kwamba kuanzia wiki ya 28 mama aanze usingizi kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, na si chali, kwa sababu kulala chali wakati huo kumehusishwa na hatari ya mtoto kufia tumboni. Akizinduka akajikuta chali asiogope, ageuke tu. Kanga mbili zilizokunjwa au mto katikati ya magoti vinampumzisha kiuno. Dawa za usingizi za dukani asizinunue kwa kushauriwa na shoga, aulize kliniki kwanza. Na kliniki yenyewe tuitumie. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito aonane na wahudumu angalau mara 8. Hizo ni nafasi 8 za mtu kumwuliza, "Mama, unalalaje?" Asipoulizwa, aseme mwenyewe. Akiona zile dalili nilizozitaja, za kichwa na macho, uvimbe wa uso, viganja vinavyowasha au mtoto aliyetulia mno, asingoje tarehe ya kadi. Apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na yule mwenye moyo mzito naye aulizwe swali la pili, apelekwe, asiachwe na dari lake.

Siwezi kuahidi kwamba nyumba ikifanya yote haya mama atalala kama mtoto. Hatalala. Kibofu kitamwamsha, na mtoto atacheza mpira wake. Lakini akiamka atakuta kuna mtu ameamka naye, na kesho yake hatadaiwa zile saa alizozikosa. Kukosa kwa tumbo kutabaki, maana huko ndiko uzazi wenyewe. Kukosa kwa nyumba kunaweza kuisha wiki hii hii, wala hakuhitaji fedha za mfadhili.

Kalamu naiweka chini. Wewe unayesoma huko Mwanga, Moshi, Tandika au popote, kama nyumbani kwenu kuna mjamzito, usinijibu kwa barua kwanza. Leo jioni mwulize amelalaje, na akikujibu, uliza swali la pili. Baada ya hapo tuandikie.